MP3 imekufa: kutengeneza, kununua nyingine, au kuhamia kwenye kabambe?

Mezani kwangu hapa Likoni, Mombasa, vimelala vitu vitatu kando kwa kando. Cha kwanza ni kicheza muziki changu cha zamani, cha diski, GB 80, kilichogoma kuwaka tukiwa katikati ya kivuko. Cha pili ni MP3 mpya, ukubwa wa kibiriti, niliyoinunua jioni ile ile kwa hasira. Cha tatu ni kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mulika mwizi iliyokuwa imesahaulika kwenye droo. Nimevitumia kwa zamu, wiki mojamoja, Likoni hadi Moi Avenue na kurudi. Jina la aliyekiunda kile cha kwanza nitalihifadhi. Kimenitumikia miaka mingi, na kosa lililokiua lilikuwa langu, kama mtakavyoona.

"Kwani simu yako haichezi nyimbo?" Kila mtu huanza na swali hilo, basi tulimalize. Inacheza, tena vizuri. Ila kuitoa mfukoni katika ule msukumano wa kuteremka feri ni kutafuta kuagana nayo. Ukisikiliza kwa intaneti, saa moja ya muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 za bando. Ukipandisha hadi 320, ni MB 144. Nami huwa njiani saa mbili kwa siku. Halafu kuna kukatizwa. Wimbo wa Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu, hauendi mbio. Shairi hufunuliwa ubeti kwa ubeti, na mtu akikupigia kuuliza umefika wapi, akikata simu hukumbuki tena fumbo lilikuwa linaelekea wapi. Kama hayo hayakusumbui, na simu yako ina nafasi ya kadi ya memori na tundu la hedifoni, huna haja ya kuendelea kusoma.

Toa nyimbo kabla ya kumwona fundi

Najua watu wawili waliopeleka vifaa vyao kwa fundi, fundi akafuta kila kitu ili kiwake, kikawaka kweli, kitupu. Sioni kosa la fundi. Aliambiwa atengeneze kifaa, hakuambiwa ahifadhi nyimbo.

Kama kifaa bado chawaka hata kwa kusuasua, kichomeke kwenye kompyuta unakili kila kitu. Vingi huonekana kama flashi ya kawaida. iPod za zamani zina ujanja wao: nyimbo zimewekwa kwenye folda iliyofichwa, na majina ya faili yamegeuzwa kuwa herufi nne zisizo na maana. Usishtuke. Iambie kompyuta ionyeshe folda zilizofichwa, nakili zote, kisha zifungue kwa programu ya muziki. Jina la wimbo na la mwimbaji limo ndani ya faili yenyewe, litarudi.

Changu kilibeba kaseti za marehemu baba: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma, nyingine zikiwa na nembo ya Mbwana Radio. Kaseti ya dakika 90 kwa kile kiwango cha 128 huchukua karibu MB 86, kwa hiyo GB 80 zingemeza kaseti zaidi ya 900. Baba alikuwa nazo sitini hivi. Nafasi haikuwa tatizo hata siku moja. Tatizo ni kwamba kaseti zenyewe ziliingia koga, tukazitupa, na moja kati yake ni ya harusi ya shangazi yangu pale Kibokoni. Dukani hakuna anayeiuza harusi ile. Katikati ya wimbo wa tatu mtu anauliza kwa sauti kubwa nani ameondoka na sinia la halua, na mpaka leo familia haijakubaliana ile ni sauti ya nani.

Siku kilipowaka kwa mara ya mwisho nilikisikia kikigonga ndani, tik, tik, kama kucha juu ya meza. Diski ikianza hivyo, kila dakika unayoiwasha unaitumia akiba. Nilianza na folda ya harusi, nikafuata za baba, na yale mengine ya kupakua nikayaacha mwisho. Ukifika hapo usianze na herufi A kwa kuwa ndiyo iko juu.

Kimeanguka, kimelowa, au kimezeeka?

Fundi niliyemwendea ana kibanda upande wa Mwembe Tayari, mzee wa makamo ambaye wote pale humwita ami.

"Asalaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Kimeanguka, kimelowa, au kimezeeka?"

Hakuuliza aina wala mwaka, na bei hakuigusa. Tangu siku hiyo sijapata swali bora la kuamulia jambo hili, kwa sababu kila kifo kati ya hivyo vitatu kina jibu lake.

Nikamwambia kimezeeka. Akachukua kipande cha kadi ya kukwangua kredo, akakipenyeza kwenye ufa wa ubavuni, akazunguka nacho polepole mpaka kifuniko kikaachia. Betri ilikuwa imefura kama hamri. Lakini yeye hakuitazama. Alichukua mswaki mkavu akaelekeza ncha kwenye utepe mwembamba unaoshika tundu la hedifoni: kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye shaba, kidogo tu, kama unga wa mrihani uliokaushwa.

"Hiki kimelowa pia. Hukiweka wapi?"

"Mfuko wa shati."

Akacheka. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakinywesha jasho, Januari na Februari ya kaskazi ndiyo usiseme.

Sasa nigawe kama alivyogawa yeye.

Kilichozeeka, tengeneza. Uzee wa vifaa hivi karibu wote uko kwenye betri na tundu. Betri ya lithiamu huchoka kwa kujazwa na kumalizwa, na joto huiharakisha. Baada ya mizunguko mia tatu hadi mia tano haishiki tena kama mwanzo. Dalili ni kuwaka ukiwa umechomeka waya na kufa ukichomoa, au kuonyesha chaji nusu kisha kuzima ghafla. Ikifura, acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe wala kuikandamiza irudi, na usimwachie mtoto aichezee.

Kwenye betri ndipo watu huibiwa, basi nikae hapo kidogo. Betri "mpya" ya kifaa kilichoacha kuundwa miaka kumi iliyopita huenda nayo imekaa kwenye boksi miaka kumi, na lithiamu huzeeka hata ikilala. Mwombe fundi aipime kwa mita mbele yako. Ikiwa imejaa isome karibu volti 4.2. Ikisoma chini ya 3 kabla haijawahi kutumika, mrudishie. Halafu usilipe yote papo hapo: icheze saa nzima kwenye kibanda, kunywa kahawa, ndipo utoe M-Pesa. Fundi mwaminifu hakatai. Wa kwangu ndiye aliyeniagizia kahawa.

Tundu la hedifoni kabla ya kulilaumu, jaribu hedifoni nyingine. Kisha chungulia ndani kwa tochi. Uzi wa mfukoni hujisokota humo mpaka pini haiingii yote, sikio moja likanyamaza. Kijiti cha meno kinatosha, taratibu, kifaa kikiwa kimezimwa. Likiwa limelegea kweli, kubadilisha si kazi kubwa kwenye vifaa ambavyo tundu liko kwenye utepe wake peke yake. Likiwa limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, utahitaji mtu mwenye mkono mtulivu.

Kioo na vitufe sina mengi ya kusema. Spea ikipatikana badilisha, isipopatikana utazoea kubonyeza kwa nguvu.

Kilichoanguka, tegemea kimeangukaje na kina nini ndani. Vifaa vya flashi havina kitu kinachozunguka, vingi huinuka na mkwaruzo tu. Vya diski ni habari nyingine: mle ndani mna sahani ya inchi 1.8 inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi isiyoonekana kwa macho. Kikianguka kikiwa kinacheza, kichwa huweza kuigusa sahani. Hapo fundi hawezi kuiponya diski, anaibadilisha. Lakini msiwahi kukata tamaa, maana diski iliyokufa ndiyo nafasi nzuri ya kukifanya kifaa kiwe bora kuliko kilivyozaliwa. Kuna adapta zinazokaa mahali pa diski na kubeba kadi ya memori. Kifaa kinakuwa chepesi, hakina tena kitu cha kuvunjika kikitikiswa na tuktuk, na betri inadumu zaidi kwa kuwa hakuna sahani ya kuzungusha. Adapta hizo huagizwa nje, kwa hiyo hakikisha kwanza aina ya kiunganishi cha diski yako. Vifaa viwili vinavyofanana kwa nje huweza kutofautiana hapo.

Kilicholowa, na hasa kilicholowa maji ya bahari, mara nyingi ni kuzika. Maji ya bomba yakikauka huacha kidogo. Maji ya chumvi yakikauka huacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewa yetu hii na kuendelea kula shaba usiku na mchana. Kama betri bado imeunganishwa, umeme unaisaidia kula. Kuzika kwenye mchele hakutoi chumvi. Kama kimetumbukia leo, kuna dirisha dogo: usikiwashe kuona kama bado kizima, usikichaji, kifunguliwe betri itengwe, kioshwe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) kisha spiriti na mswaki. Kikishakaa wiki mbili kwenye droo kikisubiri mshahara, fundi akikuahidi kukiponya atakurudishia kikiwaka, na baada ya mwezi utakuwa kibandani tena. Pesa hiyo weka kwenye kipya.

Changu kilikuwa kimezeeka, kimelowa jasho kwenye utepe tu, na diski imeanza kugonga. Bodi safi. Ami akasema betri na utepe shilingi 2,600, diski niiache kwanza.

Kipya cha kibiriti

Jioni ile ya hasira nililipa shilingi 1,700. Sifa zake nizitaje: chepesi hata nilikisahau mfukoni, kinatumia kadi ya memori ambayo naweza kuichomoa, kina redio, na kikiibwa sitalia.

Lakini siku ya pili nilianza kukichukia. Kati ya wimbo na wimbo kuna mvumo, shhh, kama jiko la mafuta, na ukisikiliza udi wa Zein ule mvumo unakaa chini yake muda wote. Betri imelehemiwa ndani ya plastiki iliyogundishwa, kwa hiyo ikichoka ndiyo mwisho wa safari. Ami alikigeuza mara moja akanirudishia bila neno. Nyimbo hukipanga kinavyotaka chenyewe. Na kubwa kuliko yote, kikizimwa kinasahau mlipofika. Kwa wimbo wa dakika tatu hilo ni jambo dogo. Mimi nina upande mzima wa kaseti katika faili moja ya dakika 45. Nikiteremka feri dakika ya thelathini, nikirudi jioni naanza na bismillahi upya, kidole kwenye kitufe cha kupeleka mbele mpaka nifike Mtongwe.

Unaponunua, basi, jaribio la dukani ni moja: cheza wimbo, uufikishe katikati, zima kabisa, washa. Kikianza mwanzo, na wewe ni mtu wa nyimbo ndefu, mawaidha au vitabu vya kusikiliza, rudisha kwenye rafu.

Vicheza muziki vizuri bado vipo. Sony ingali inatumia jina la Walkman, lililoanza na mashine ya kaseti mwaka 1979, na kampuni za China kama FiiO zinatoa vyenye sauti safi. Lakini bei ya vile vizuri inashindana na simu ya maana, huvipati kila duka la Digo Road, na kikiharibika spea utaisubiri kutoka huko huko. Kama una pesa hiyo, nunua kwa raha zako. Mimi sikuwa nayo.

Kabambe

Hii ndiyo iliyonishangaza. Niliweka kadi ya GB 32, nikanakili taarabu yote, sikuweka laini. Hakuna wa kunipigia. Betri yake ni ile BL-5C ambayo hata redio nyingi ndogo zinaitumia, unaibadilisha kwa ukucha bila bisibisi. Hebu kilinganishe hicho na kifaa cha kugundishwa. Spika yake inasikika jikoni nzima, chaji inafika siku kadhaa, na usiku umeme ukikatika unayo tochi.

Kasoro: sauti kwenye hedifoni ni nyembamba, besi hakuna. Orodha ikiwa ndefu inaanza kugandaganda, kwa hiyo nilizigawa folda kwa jina la mwimbaji. Majina marefu ya nyimbo yanakatwa njiani. Na nyingine zinataka hedifoni ya pini yao peke yao, kagua kabla. Lakini kwa mtu ambaye kifaa chake kimelowa, ambaye hana shilingi za kupoteza, ningemwambia aanze hapa kabla ya kwenda dukani. Pengine hataenda tena.

Ile hesabu ya nusu

Kuna kanuni inayosemwa sana: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kipya, nunua kipya. Kwa pasi, feni na blenda naikubali. Hapa nilipoipiga ilinipa jibu la kipuuzi: shilingi 2,600 kutengeneza, 1,700 kununua, basi tupa. Lakini kile cha 1,700 si kipya cha kile cha zamani. Ni kitu kingine kabisa. Cha zamani kinakumbuka dakika niliyoachia, hakina mvumo, na kinafunguliwa kwa kipande cha kadi. Kama chako ni iPod Classic, iliyotoka 2007 ikakoma 2014, kipya chake hakipo duniani. Hata iPod touch, ya mwisho katika ukoo ule, Apple iliisitisha Mei 2022. Bei ya kulinganisha nayo ni ya kile kitakachofanya kazi ile ile, na kwangu hicho kingekuwa kimoja cha zile Walkman.

Ila msinichukue kama mtetezi wa kila kikongwe. Ndani ya jina moja la iPod kuna tofauti kubwa. Ya video ya 2005 ina uso wa plastiki, fundi hodari anaifungua bila kuiumiza. Classic ina uso wa aluminiamu ulioshikwa kwa vibanio, na hupinda ukiulazimisha. Anayeifungua kwa mara ya kwanza asianze na yako. Nano betri zake zimelehemiwa, na zile za kizazi cha kwanza Apple yenyewe ilitangaza Novemba 2011 kwamba betri zinaweza kupata joto kupita kiasi, kwa hiyo ukiikuta kwenye mtumba iache hapo. Ya touch imegundishwa na kulehemiwa. Hapo kanuni ya nusu nairudishia heshima yake.

Na fundi anayekutajia bei kabla hajafungua, mshukuru uende zako.

Nilitengeneza. Nilisubiri siku mbili, nikacheza saa nzima pale kibandani, nikalipa. Ami alinirudishia utepe wa zamani ndani ya karatasi, akabaki na betri iliyofura akaiweka kwenye kopo la mchanga, mbali na jiko la kulehemu. Mfuko wa shati nimeuacha. Sasa kinakaa kwenye kipochi cha ngozi ndani ya begi. MP3 ya kibiriti amechukua mama, amejaza kisomo cha Qur'ani, sura moja faili moja, na kwake kusahau mlipofika si tatizo kwa kuwa yeye huanza anapotaka. Kabambe iko jikoni.

Diski bado inagonga mara mojamoja, hasa asubuhi. Adapta nimeiagiza, kadi ya memori ninayo tayari, na folda ya harusi ya Kibokoni sasa iko sehemu tatu. Jumatatu, tukivuka, sikio la kulia lilifanya kazi kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwaka, na kumbe lile swali la sinia la halua linatoka upande wa kulia, karibu kabisa na maikrofoni. Aliyeuliza alikuwa amekaa na wapigaji.